Kwa nini XF-85 Goblin ilishindwa

Umeuliza kwa nini Marekani iliachana na XF-85 Goblin, ile ndege ndogo ya kivita iliyokusudiwa kubebwa ndani ya tumbo la B-36, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, ili iilinde dhidi ya ndege za adui. Sababu kubwa haikuwa injini wala silaha, bali hewa. Ndege hiyo ya kampuni ya McDonnell, yenye urefu wa takriban mita 4.5 tu na mbawa za kukunjwa, haikuwa na magurudumu, kwa kuwa ilitakiwa kuachiwa angani, ipambane na adui, kisha irudi kujitundika kwa kulabu kwenye chuma kilichoning'inizwa chini ya ndege mama. Katika majaribio ya mwaka 1948, ambapo B-29 iliyofanyiwa marekebisho ilitumika kama ndege mama, msukosuko wa hewa chini ya ndege hiyo kubwa uliiyumbisha Goblin kila ilipokaribia, hata siku moja ikagonga chuma hicho, kifuniko cha chumba cha rubani kikavunjika, na rubani Edwin Schoch akalazimika kutua kwa tumbo kwenye ziwa kavu la Muroc. Hebu fikiria: huyo alikuwa rubani wa majaribio mwenye ustadi mkubwa, wala hakuwa akishambuliwa na mtu.

Mradi ulifutwa mwaka 1949. Ndege mbili tu ndizo zilizoundwa, na ujazaji mafuta angani ukawezesha ndege za kivita za kawaida kusindikiza ndege za kudondosha mabomu kwa safari ndefu.