Plau ya zamani: ipime kwenye simiti kabla hujaipeleka mashindanoni

Ikifika Septemba, ngano ikishavunwa na mashamba ya huku Lincolnshire, Uingereza, yamebaki mabua matupu, ndio simu zinaanza. Jamaa wetu amepata plau ya Ferguson ya zamani kwenye mnada, ameipiga msasa, ameipaka rangi ya kijivu inang'aa kama sufuria mpya, sasa anataka kuingia nayo mashindano ya kulima wikendi ijayo. Na mimi swali langu ni lilelile: umeipima?

Mimi ni mtoto wa Njoro, Kenya. 1995 mashindano ya dunia ya kulima yalipokuja pale Chuo Kikuu cha Egerton nilikuwa bado shule ya msingi, na nakumbuka vile nilisimama kwenye kamba nikiangalia mtaro umenyooka kama umechorwa na rula, nikajiambia siku moja na mimi. Yaliporudi Njoro 2017 nilikuwa nishahamia huku Uingereza nafanya kazi ya shamba, na nishaanza kushindana kwenye daraja la vintage, hii ya trekta na plau za kabla ya 1960. Ndio maana trekta za Ferguson TE20 ziko kila mahali, zile zilizoundwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, maana ni nyingi, spea zinapatikana, na plau yake ya majembe mawili ya inchi 10 ni nyepesi kuirekebisha.

Sasa niwaambie msimu wangu wa kwanza. Mapande ya udongo, yale yanayokatwa na kupinduliwa na majembe, yalikuwa yanatoka mawili mawili, yaani la mbele limelala vizuri, la nyuma limeinuka, halafu katikati kuna bonde, ukisimama mwisho wa shamba unaona kabisa yameenda kwa jozi. Jaji akiona hivyo maksi za usawa zimeenda. Nikawa kila nikigeuza nazungusha levi ya mkono wa kulia, ile ya kusawazisha plau, nikirudi nafupisha toplinki, ule mkono wa juu unaounganisha plau na trekta, nikirudi tena nairefusha, mpaka muda ukaisha na sijui hata nilianzia wapi. Kuna mzee jirani, amelima mashindano miaka mingi, alikuja akainama akaangalia, hakugusa kitu, akaniambia tu niipeleke nyumbani niiweke kwenye sakafu ya simiti.

Na hiyo ndio shule yenyewe. Unapolima, magurudumu ya kulia ya trekta yanatembea ndani ya mtaro na ya kushoto yanatembea juu, kwa hivyo kama unataka kulima kina cha inchi 6, tafuta mbao za unene wa inchi 6 uziweke chini ya magurudumu ya kushoto, la mbele na la nyuma. Hapo trekta imelala vilevile itakavyolala shambani. Hakikisha upepo wa matairi uko sawa kulia na kushoto, watu wengi wanaruka hapa. Kisha shusha plau chini, usawazishe kwa levi mpaka fremu iwe sambamba na sakafu, uanze kuangalia.

Mimi nilipiga magoti na tochi. Ncha ya jembe la mbele, ile inayokata udongo kwa chini, ilikuwa imegusa simiti, ya nyuma ilikuwa inaelea, kidole changu kinapita chini yake. Aliyekuwa nayo kabla alibadilisha ncha moja akaacha nyingine imelika! Halafu nikachukua kipande cha waya, nikapima kutoka kwenye fremu mpaka mkia wa bawa, lile bamba lililopinda la kugeuza udongo, nikaukata waya pale pale, nikauhamishia kwa jembe la nyuma. Haukufika. Bawa la nyuma lilikuwa limeingia ndani sentimita 2, labda liligonga jiwe miaka hiyo. Sasa unategemea mapande mawili yafanane vipi kama mabawa yenyewe hayafanani? Hakuna levi ya kutibu hiyo.

Kwa hivyo ncha nunua mbili kwa pamoja, ziingie siku moja zitoke siku moja. Bolti zake zina shingo ya mraba na kichwa kinazama ndani ya chuma, usiweke bolti ya kawaida ambayo kichwa kinabaki nje maana udongo unashika hapo. Zikigoma kufunguka mwagia oili ya kulainisha kutu, ziache zilale usiku mzima, asubuhi pasha nati moto kidogo. Usipige na nyundo kwa hasira, chuma cha fremu za zamani ukishakipinda kukirudisha ni kazi ya fundi.

Rangi kwenye fremu sina shida nayo. Kwenye bawa, hapana, hata tone! Bawa linatakiwa liwe kioo, udongo uteleze, ukipaka rangi au ukiacha kutu udongo unaganda pale, pande halipinduki linasukumwa tu, na mabua yanabaki nje yanakuchungulia. Toa kutu kwa msasa, ukitumia grainda pitisha kwa wepesi sana usichimbe mashimo, kisha tafuta mtu mwenye shamba la kichanga umuombe ulime raundi kadhaa. Mchanga unang'arisha kuliko chochote utakachonunua.

Kile kisu cha duara kinachokata mbele ya jembe, kiweke kama nusu inchi nje ya ubavu wa jembe, upande wa ardhi ambayo haijalimwa, ukuta wa mtaro utatoka msafi. Na skima, kile kijembe kidogo, kitoe tu kona ya juu ya pande ili majani yafukiwe, ukikizamisha sana kinabomoa pande lenyewe. Hapa tena vile vya mbele na vya nyuma vifanane, waya uleule.

Ukifika shambani ndio unamalizia upana wa pande la mbele, kwenye plau ya Ferguson unazungusha ile shafti ya kupitia mikono ya kunyanyulia, kidogo kidogo. Badilisha kitu kimoja, lima, shuka uangalie, andika. Mimi nina daftari dogo limejaa grisi, nimeandika aina ya udongo, unyevu, urefu wa toplinki, na kila mwaka nikirudi kwenye udongo mzito nafungua kurasa hizo kwanza kabla sijashika spana.

Jioni mashindano yakiisha usiende chai ukaiacha plau na udongo mbichi, maana usiku mmoja wa umande unatosha bawa kushika kutu. Osha, kausha, paka grisi nzito kwa brashi kwenye mabawa, ncha na visu, uiweke ndani juu ya mbao, isilale kwenye udongo. Yangu nimeifunika na gunia la zamani juu ya hiyo grisi, na mwezi wa tatu nalifunua niangalie kama panya hawajalichana.