Likizo ya Utulivu Jinja Huanzia kwenye Nyumba

Msomaji mmoja wa Mbarara ameniandikia akiuliza kama inafaa kuipeleka familia yake Jinja, mji wa Uganda ulio kando ya Ziwa Victoria, mwezi wa Januari, na kama ni kweli kwamba mtu asiyetaka kushindana na mawimbi ya Nile katika mashua za mpira hana la kufanya huko. Namjibu mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa mimi na mume wangu tuliwapeleka watoto na mama mkwe katika mji huo, na safari ile naihesabu miongoni mwa mambo mema kabisa tuliyowahi kuifanyia familia yetu.

Tulipowaarifu ndugu kwamba tumekodi nyumba karibu na ziwa, si kwa harusi wala kwa msiba bali kwa kupumzika tu, mmoja wao alisema mbele ya watoto kwamba fedha hizo zingenunua mabati ya kuezekea nyumba ya kijijini. Maneno hayo yaliniuma, na bado yananiuma. Mama mkwe amelima, amelea, ameuguza wagonjwa wa ukoo mzima, na kila Krismasi wanawe wanapokwenda kijijini kupumzika, yeye ndiye anayeamka alfajiri kuwasha moto. Nilipoanza kutafuta nyumba nilimfikiria yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo nilitafuta nyumba isiyo na ngazi, katika mitaa ya zamani iliyo kati ya katikati ya mji na maji, ambako bado kuna nyumba za enzi za Waingereza zenye baraza pana na miti mikubwa uani. Picha ya bwawa la kuogelea isikupumbaze. Uliza kama kuna tangi la maji, kama kuna umeme wa jua au jenereta, kama kila kitanda kina chandarua, na zaidi ya yote uliza kama nyumba ina mpishi. Nyumba bila mpishi huwahamishia akina mama jiko lao mahali pengine, na hapo likizo huwa ya wanaume na watoto peke yao. Mpishi wetu, Msoga (mtu wa Busoga, eneo la Jinja) mwenye heshima nyingi, alileta samaki wabichi aina ya ngege kutoka sokoni, na mama mkwe akaandaliwa chai akiwa ameketi barazani, akaandaliwa tena kesho yake, hadi akaacha kuinuka kila aliposikia vyombo vikigongana.

Mji wenyewe unataka miguu na subira. Katika barabara kuu yamesimama majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja wakati Jinja ilipokuwa ikikua kwa pamba na reli, ile iliyofika Namasagali mwaka 1912, na baadhi yake bado yana mwaka wa kujengwa juu ya mlango. Wengi wa wenyewe walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mama mkwe aliikumbuka miaka ile vizuri, akawasimulia wajukuu kuhusu maduka yaliyofungwa na sukari iliyoadimika, na watoto wakamsikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuwaona wakimsikiliza mtu. Kwenye chanzo cha Nile tulipanda mashua tukiwa tumevaa maboya. Maporomoko ya Ripon, ambayo mpelelezi Mwingereza Speke aliyafikia mwaka 1862, hayaonekani tena tangu bwawa la umeme la Owen lilipokamilika mwaka 1954, lakini maji bado yanaliacha ziwa kwa nguvu inayoonekana kwa macho. Karibu na hapo kuna sanamu ya Gandhi iliyozinduliwa mwaka 1997, kwa sababu sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika maji hayo mwaka 1948. Mwenye kupenda muziki aulizie bigwala, tarumbeta za vibuyu za ufalme wa Busoga, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka; wapigaji wake ni wachache, hivyo mwombe mwenyeji wako aulize mapema.

Jambo moja kwa siku linatosha. Asubuhi tembeeni, mchana rudini nyumbani, na jioni msipange chochote. Wazazi wenzangu, mtu aliyefanya kazi mwaka mzima hahitaji kumwomba yeyote ruhusa ya kukaa kimya, na watoto wanaomwona baba yao akiwa na haraka siku zote watajifunza haraka hiyo hiyo. Pangeni mapumziko kwa bidii ile ile mnayoipangia karo. Wekeni fedha kidogo kidogo, na msilipe kodi yote ya nyumba kabla mtu mnayemwamini hajaifikia na kuiona.

Januari ni wakati mzuri, kwani mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Septemba na Novemba. Watoto wasiogelee ukingoni mwa ziwa penye majani, maana kichocho kipo. Na ikiwa mnarudi kupitia Kampala, msiondoke Jumapili jioni, kwa kuwa foleni ya magari ya Mukono, mji ulio njiani, itakula saa zote mlizopumzika. Lipieni usiku mmoja zaidi, mwondoke Jumatatu baada ya kifungua kinywa.