Ukitaka kujua wanafunzi wa uuguzi wanajifunzaje, wafuate wodini

Msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, mezani kwangu huja vichwa vinavyofanana kama pacha: "Mtazamo wa wanafunzi wa uuguzi kuhusu..." na mbele yake kinawekwa chochote, mafunzo kwa vitendo, masomo ya mtandaoni, mtihani wa stadi kwa vitendo uitwao OSCE, usimamizi wa wodini. Njia nayo ni ile ile: dodoso la kurasa nne, majibu ya kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", fomula ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli, programu ya takwimu ya SPSS, kisha asilimia. Nilikuwa muuguzi wa wodini kabla ya kuwa mwalimu, na nimesimamia tafiti za wanafunzi hapa Dodoma kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba niseme wazi. Mtazamo wa mwanafunzi unafaa kujulikana, ila kuwa na mtazamo mzuri na kujifunza ni mambo mawili. Kama swali lako linahusu kujifunza, dodoso peke yake halitakujibu.

Mmarekani Donald Kirkpatrick alitenganisha mambo haya tangu mwaka 1959 alipoandika kuhusu kutathmini mafunzo. Kwanza, je, waliofundishwa waliyapenda mafunzo? Pili, walijifunza kitu? Tatu, wakiwa kazini wanafanya tofauti na zamani? Nne, je, matokeo ya kazi yamebadilika, ambayo kwetu sisi maana yake ni mgonjwa kunufaika? Tasnifu nyingi ninazosoma zinaishia kwenye swali la kwanza, halafu sura ya mwisho inapendekeza mtaala ubadilishwe. Simdai mwanafunzi wa mwaka wa nne, mwenye miezi michache na nauli ya daladala, afike swali la nne. Namdai asogee mpaka la pili, na akiweza, la tatu.

Wapo wanaoamini wamefika la pili kwa sababu dodoso lao linauliza, "Je, unaweza kumwekea mgonjwa mpira wa mkojo kwa usahihi?" Mwanafunzi anajibu ndiyo. Mwaka 1999 David Dunning na Justin Kruger wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapima wanafunzi katika mantiki, sarufi na ucheshi, kisha wakawaomba wajikadirie. Waliofanya vibaya zaidi, ambao kwa wastani walikuwa wanawapita wenzao 12 tu kati ya 100, walidhani wanawapita 62. Asiyejua kitu mara nyingi hana kipimo cha kutambua kwamba hakijui. Sasa fikiria tasnifu nzima ya umahiri iliyojengwa juu ya kujikadiria.

Badala yake, mpe mwanafunzi kazi aifanye mbele yako. Kwa bahati njema chombo tunacho. OSCE ilianzishwa na Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Scotland, wakaieleza kwa maandishi mwaka 1975, na wanafunzi wetu wanaijua vizuri: unapita kituo kwa kituo, na kila kituo mtahini ana orodha ya hatua anazozitiki. Chukua stadi moja tu, tengeneza orodha yako ya hatua kutoka kwenye mwongozo unaotumika hospitalini, na watazamaji wawe wawili wasiojadiliana. Kabla ya kukusanya data halisi, linganisha tiki zao kwa kappa, kipimo kinachoonyesha wanakubaliana kiasi gani zaidi ya bahati nasibu. Wakiwa hawakubaliani, tatizo liko kwenye orodha yako au kwenye maelekezo uliyowapa, na ni afadhali ulijue mapema.

Halafu kuna suala la muda, ambalo watu hulipita haraka mno. Unafundisha Jumatatu, unapima Jumatatu mchana, unaandika kwamba njia yako imefanya kazi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 jinsi hilo linavyopotosha. Kundi moja lilisoma kifungu cha habari na kukirudia. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu kukumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Wangepimwa siku ile ile tu, hitimisho lingekuwa kinyume. Kwa hiyo panga kipimo cha pili wiki kadhaa baadaye, na kabla hujachagua tarehe pata ratiba ya mitihani na ya mizunguko ya wodi, la sivyo nusu ya washiriki wako watakuwa wametawanyika hospitali tofauti.

Sasa twende wodini, maana hapo ndipo ninapotaka mtumie nguvu zenu. Ukichagua unawaji wa mikono, Shirika la Afya Duniani limeshakupa nyakati 5 za kuzitazama: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Mtazamaji anahesabu nafasi zilizojitokeza na ngapi zilitumiwa. Ila ongeza safu nyingine kwenye fomu yako: je, maji yalikuwa yanatoka bombani? Sabuni ilikuwepo? Kulikuwa na kitakasa mikono karibu na kitanda? Huu ni mkoa mkavu, na maji yanaweza kukatika. Mwanafunzi aliyeacha kunawa kwa sababu bomba lilikuwa kavu hana tatizo la elimu, na ni dhuluma kumwandika kwenye tasnifu kuwa ana "uelewa mdogo". Naliona kosa hili mara kwa mara na linaniuma, kwa sababu linamtwisha mwanafunzi mzigo wa mfumo mzima.

Watu wakijua wanatazamwa hubadilika. Kaa wodini siku kadhaa, zoeleka, msaidie inchaji, yaani muuguzi mkuu wa wodi, kazi ndogo ndogo, na rekodi za siku za mwanzo usizitie kwenye uchambuzi. Eleza jambo hilo kwenye sura ya mbinu bila kuficha.

Na kabla hujaenda, jibu swali hili kwa maandishi: utafanya nini ukimwona mwanafunzi anakaribia kumpa mgonjwa dawa isiyo yake? Baadhi hunijibu kwamba mtafiti haingilii. Hapana. Wewe ni muuguzi kwanza, au uko njiani kuwa muuguzi, na mgonjwa yule hakusaini fomu ya kuumizwa kwa ajili ya data zako. Unaingilia papo hapo, kwa upole, bila kumwaibisha mwanafunzi mbele ya mgonjwa, unamjulisha msimamizi wa zamu, na tukio lile unaliandika kwamba uliingilia. Jibu hilo liweke kwenye pendekezo lako ili kamati ya maadili ilione, na inchaji wa wodi alisome siku unayompelekea kibali.

Mkigawa darasa moja makundi mawili, kundi la njia mpya na kundi la njia ya kawaida, kumbukeni wanalala hosteli moja na wako kundi moja la WhatsApp. Usiku huo huo vifaa vyako vya kufundishia vimeshafika kwa wote. Unaweza kutumia vyuo viwili, kwa kuwa mji huu una Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kule Chimwaga na Chuo Kikuu cha St John's kwenye majengo ya iliyokuwa shule ya sekondari ya Mazengo, lakini hapo tofauti za vyuo vyenyewe zinaingia kwenye matokeo, kwa hiyo wapime wote kabla ya kuanza. Na fomula ya Yamane iacheni kwenye kazi yake ya kukadiria hali ya kundi kubwa. Kwamba wanafunzi 400 wakipigiwa hesabu kwa kosa la 0.05 wanatoa sampuli ya 200 hakukwambii kama hao 200 wanatosha kuonyesha tofauti kati ya makundi mawili. Hiyo ni hesabu nyingine, na mtakwimu wa chuo atakusaidia ukimfuata mapema.

Wenzangu walimu nao nina neno nao. Mwanafunzi wako hawezi kukukatalia kwa urahisi wakati wewe ndiye unayesahihisha karatasi yake. Fomu ya ridhaa haiondoi hofu hiyo. Mtu mwingine akusanye data, na wewe usijue nani alishiriki mpaka matokeo ya muhula yatoke. Majina na namba za usajili zikae mbali na majibu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo limevuka adabu ya kitaaluma, ni wajibu wa kisheria.

Ukifanya mahojiano, omba tukio, usiombe maoni. John Flanagan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliieleza njia hii mwaka 1954. Ukimuuliza mwanafunzi, "Usimamizi wa wodini ukoje?" atakwambia mzuri, au changamoto ni nyingi. Mwambie, "Nisimulie siku ya mwisho uliyokwama ukiwa na mgonjwa. Nani alikuwa karibu? Ulifanya nini?" Hapo utasikia nani hasa anawafundisha vijana wetu, na mara nyingi ni sista wa zamu ya usiku ambaye jina lake halipo kwenye ratiba yoyote ya chuo.

Mahojiano hayo yafanye kwa Kiswahili. Masomo na mitihani ni Kiingereza, lakini uuguzi unafanyika kwa lugha ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe akitoka Bahi huenda anajieleza vizuri zaidi kwa Kigogo, akitoka Kondoa kwa Kirangi. Nimewaona wanafunzi wanaobabaika kwenye karatasi, kisha wakamweleza bibi namna ya kumeza dawa zake za presha mpaka bibi akayarudia maelezo yote bila kukosea. Kipimo chako kisipoliona hilo, kimekosa sehemu kubwa ya kujifunza kwao. Ningefurahi sana kusimamia utafiti unaotazama jambo hilo tu: mwanafunzi anavyomfundisha mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani, na mgonjwa anachoweza kukirudia.

Kabla ya kufunga tasnifu, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili, uupeleke wodini ulikokusanya data, uusome na inchaji na wauguzi wake kwenye makabidhiano ya asubuhi. Waulize ni pendekezo lipi wanaweza kulianza wiki ijayo bila bajeti mpya. Hilo liandike la kwanza.