Askari wa kuchezea wa vita zisizojulikana: nani ananunua na utengeneze nini

Wiki iliyopita kuna dogo mmoja alikuja kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, na boksi la viatu, ndani kaweka askari ishirini wa Napoleon kawachonga mwenyewe, yaani kazi safi, vifungo vya koti unavihesabu, akaniambia kaka nisaidie kuuza hawa. Iliniuma kumwambia ukweli ila nilimwambia. Hawa hawauziki, na si kwamba ni wabaya, ni kwamba kila mtu anao.

Kwaiyo naandika hapa kwa ajili yake na kwa wengine wote mnaoniuliza inboksi kama vijisanamu vya askari kweli vinanunuliwa. Vinanunuliwa. Mi nimevitengeneza miaka nane sasa na vimenisomeshea mtoto. Ila cha kwanza uelewe mnunuzi ni nani.

Mnunuzi wako ni mtu mzima, mara nyingi mstaafu, yuko Ujerumani au Uingereza au Marekani, kaanza kukusanya askari tangu yuko primari. Kampuni ya Britains ya London walianza kuwatoa askari wa madini ya risasi wenye uwazi ndani mwaka 1893, walikua wanamimina madini ya moto kwenye kalibu halafu wanayamwaga kabla hayajaganda yote, linabaki ganda tu, ndo maana walikua wepesi na bei ikashuka. Baadaye zikaja za plastiki. Sasa piga hesabu, zaidi ya miaka mia watu wanatengeneza walinzi wa mfalme wa Uingereza, Waterloo, vita ya pili ya dunia. Huyo mzee kabati lake limejaa hao. Anachotafuta ni pengo, vita ambayo ameisoma, anaijua mpaka majina ya makapteni, halafu hakuna anayemuuzia askari wake. Kampuni kubwa haiigusi kwa sababu kalibu ni gharama na wanunuzi ni wachache dunia nzima. Sasa hao wachache wasiomtosha yeye mwenye kiwanda, wewe mwenye meza moja na taa wanakutosha kabisa.

Na msidhani ni jambo jipya. Hao hao Britains 1935 Italia ilipoivamia Uhabeshi walitoa askari wa Kihabeshi na wa Kiitalia haraka haraka, na waliwahi kuwa na seti ya King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la Muingereza huku kwetu, ambao babu zetu wengi walipita humo. Lakini ni kidogo kidogo sana ukilinganisha na mengine.

Mimi nilianza na makosa yale yale ya dogo, nilitengeneza Waskochi wenye sketi, wakakaa rafuni miaka miwili mpaka nikawagawa kwa watoto wa dada. Halafu nikatengeneza Wahehe sita wa Lugalo. Siku nne tu, mzee mmoja wa Ujerumani akawachukua wote akauliza nina wengine. Lugalo wengi wetu tumesoma shuleni tukapita, tarehe 17 Agosti 1891, Mkwawa na watu wake walikivamia kikosi cha kamanda wa Kijerumani Zelewski, yule waliyemuita Nyundo, wakammaliza yeye na sehemu kubwa ya askari wake, wakaondoka na bunduki kama 300 na mizinga mitatu. Kwa Mjerumani anayekusanya askari wa makoloni hilo ni tukio kubwa, analijua kuliko mimi na wewe, na dukani halipo.

Hapo ndo penye ugumu, kwamba analijua kuliko wewe. Yule mzee kabla hajatuma hela aliniuliza ngao za Wahehe kwa nyuma zilishikwaje, mkono unapita wapi, ule mti wa katikati umepitishwa vipi kwenye ngozi. Sikua na jibu. Nilipanda basi la Iringa nikaenda mpaka Kalenga, pale makumbusho kwenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, nikasimama mbele ya ngao na mikuki na daftari langu karibu saa nzima, mhudumu akanihurumia akaniletea kiti. Nikarudi nikazichonga upya zote sita. Nauli na malazi vilikula karibu nusu ya faida ila yule mzee mpaka leo ni mteja wangu na ameniletea wenzake watatu. Kwaiyo ushauri wangu mkubwa kuliko wote ni huu, safari ya kwenda kuona kitu chenyewe iweke kwenye bei, usiione kama hasara, ndo bidhaa yenyewe hiyo. Yeye huko aliko ana vitabu vyote, wewe una basi la Iringa.

Kosa nililofanya mimi usilifanye wewe: oda ya KAR wa 1916, vita ya kwanza ya dunia. Nilichora buti, buti nzuri nyeusi, kwa sababu kwenye akili yangu askari ana buti. Mteja wa Uingereza akaniandikia kwa upole kabisa kwamba askari wengi wa KAR wakati ule walitembea peku, wana vitambaa vimeviringishwa miguuni mpaka chini ya goti halafu chini mguu mtupu au ndala za ngozi, waliokua na buti ni askari wa Mjerumani. Nikaangalia picha za zamani tena, kweli. Nilikua nimeziona mara mia ila sikuangalia miguu. Nilimrudishia hela nikatengeneza upya kumi na mbili. Na bunduki ni hivo hivo, askari wengi wa Mjerumani walianza vita 1914 na ile Mauser ya zamani ya 1871, risasi moja moja, ya baruti inayotoa moshi mzito, ukimuwekea bunduki ya kisasa yenye magazini mkusanyaji anaiona kabla hajafungua boksi vizuri.

Sasa twende nyumbani. Watu wa Dodoma tunakaa juu ya vita kubwa na hatuisemi. Aprili 1916 majeshi ya makaburu chini ya van Deventer yaliingia Kondoa kwa farasi, kwenye mvua, farasi wakawa wanakufa njiani kwa mbung'o na maradhi, halafu Mei usiku wa tarehe 9 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia pale na akashindwa kuwatoa. Mwisho wa Julai wakashuka wakaichukua Dodoma na reli yake. Ni mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka hapa mpaka Kondoa, watalii wanapita pale kwenda kuona michoro ya Kolo, na ile vilima ilipopiganiwa bado ipo. Nimeenda mara tatu, nimechukua udongo wake kwenye kopo la blubendi, rangi ya vitako vya sanamu zangu za Kondoa naichanganya nikiwa na lile kopo mbele yangu. Mteja akiambiwa hivo anakuelewa.

Ila katika seti ya Kondoa inayotafutwa kuliko zote si kaburu juu ya farasi wala si askari. Ni mpagazi. Nilimuweka mmoja tu kwenye seti kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikua anasimulia Mtunya. Wagogo mnajua, wengine niwaambie, ni ile njaa ya 1917 mpaka 1920, Mjerumani alichukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, akaja Muingereza akachukua waliobaki, halafu mvua ikakataa. Bibi alizaliwa baada ya hapo, naye alisimuliwa na mama yake, na alikua akifika kwenye kaka wa mama yake aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi, ananyamaza, anachambua mlenda, ukimuuliza hasikii. Wapagazi makumi ya maelfu walikufa hivo, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, na jina la Kariakoo kule Dar limetoka kwao, Carrier Corps. Lakini kwenye kabati za wakusanyaji vita ile inapiganwa bila mtu hata mmoja wa kubeba chakula.

Nilimchonga na mzigo kichwani, kata ya majani chini ya mzigo, shingo imeingia ndani kidogo kama mtu aliyebeba kilo 25 tangu asubuhi, mkono mmoja umeshika mzigo mwingine una fimbo, mbavu zinaonekana. Nilimpiga picha nikaweka. Ndani ya mwezi nilipata oda za wapagazi arobaini na tatu, mtu mmoja peke yake alitaka ishirini apange msafara mrefu nyuma ya askari wanne, akaniandikia kwamba hivo ndo ilikua na yeye hajawahi kuiona ikiwekwa hivo. Nilisoma ujumbe ule mara kadhaa. Kwaiyo usikimbilie mashujaa tu wenye mikuki juu, angalia nani hayupo kwenye kabati.

Vita nyingine zinazoulizwa ni Abushiri wa Pangani, Isike wa Tabora, na Maji Maji ya 1905 mpaka 1907. Maji Maji natengeneza wapiganaji ila mtu aliwahi kuniomba mashujaa wa Songea wakinyongwa, nikakataa. Watu wale walinyongwa 1906 na wajukuu zao wanakusanyika pale kila mwezi wa pili, mi siwezi kumtengenezea mtu kamba ya kuweka mezani. Utaulizwa vitu vya namna hiyo, amua mapema. Ya Kagera pia nenda nayo taratibu kwa sababu waliopigana bado tunao, jirani yangu mmoja alivuka Kagera akafika Kampala Aprili 1979, kabla sijatengeneza chochote nilikaa naye, akanisahihisha mkanda unavyofungwa, na nakala ya kwanza nilimpa yeye bure. Hiyo ndo vita pekee ambayo wanunuzi wangu wengi ni Watanzania, hasa Julai karibu na Siku ya Mashujaa.

Kuhusu kutengeneza. Usiyeyushe risasi ya betri za magari, nakuomba, ile ni sumu, moshi wake unaingia kwa watoto wako na hutoona chochote mpaka imeshawadhuru. Mimi natumia unga wa mbao. Wajerumani wa kampuni ya Hausser waliotengeneza askari wa Elastolin walitumia hivo hivo, unga wa mbao na gundi juu ya waya, kwaiyo mkusanyaji anaijua na anaiheshimu. Unga nauchukua bure kwa mafundi seremala, nauchekecha kwa chekecheo la chai mara mbili, nachanganya na gundi nyeupe ya mbao mpaka unashikana kama ugali wa uwele, nafunika waya wa mwili kidogo kidogo. Saizi milimita 54, maana ndo wanayopanga nayo wengi, ukitoka hapo askari wako anaonekana jitu au mtoto kwenye kabati la watu.

Shida ya Dodoma ni upepo wetu. Kitu kinakauka nje kabla ya ndani, asubuhi unakuta mpasuko kutoka kwapani mpaka kiunoni. Nilipoteza kazi ya mwezi mzima mwaka wa kwanza, Julai hiyo. Dawa yake ni kuviweka kivulini chini ya gunia lililoloweshwa, siku ya kwanza unalolowesha mara tatu, ya pili mara moja, ya tatu unaliacha likauke nalo, siku ya tano ndo unaanza kuchonga sura kwa wembe. Mikuki usiibandike, nilituma Wahehe wakafika na mikuki imekatika yote, siku hizi natuma mikuki pembeni ndani ya bomba la kalamu na mteja anaichomeka mwenyewe.

Bei yangu ni elfu 60 kwa askari, mpagazi 75 kwa sababu ya mzigo. Chukua kianzio nusu kabla hujagusa waya, bila aibu. Na usitengeneze nyingi, kwa vita ndogo wanunuzi wakishapata wamepata, nilitengeneza Lugalo themanini nikiwa na tamaa baada ya ile sita, nikauza thelathini na kitu, waliobaki wananitazama mpaka leo. Ishirini na tano inatosha, ukimaliza hamia vita nyingine, ukirudi baada ya miaka miwili kuna wapya wanaisubiri. Na kila boksi weka karatasi nusu ukurasa, vita gani, mwaka gani, huyu ni nani, ngao hii umeiona wapi.

Yule dogo nilimwambia achague kimoja cha kwao. Ni mtu wa Kilimatinde, na kule Mjerumani alikua na boma. Jumamosi tunaenda wote, yeye anabeba daftari mimi kamera. Kwa sasa chini ya gunia nina wapagazi tisa wa yule mtu wa ishirini, leo ni siku ya pili, na nikimaliza kuandika hapa nakwenda kulowesha.