Donda ndugu lina mwenyewe: kwa interni wapya

Mbukwenyi, wadogo zangu, madaktari wa mafunzo kazini mliotua Dodoma. Raundi ya juzi imenimaliza. Faili baada ya faili, utambuzi ni "kidonda sugu cha mguu", mpango ni safisha, funga, antibayotiki. Jamani, hayo ni malalamiko ya mgonjwa. Ugonjwa uko wapi?

1. Vua viatu, miguu yote miwili. Kidonda kiko juu ya kifundo upande wa ndani, ngozi imepiga weusi na kukakamaa: fikiria vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Unyayoni, kingo zina sugu, na mgonjwa anakikanyaga bila kukunja uso: neva, mishipa ya fahamu. Kwenye ncha za vidole na kinauma usiku: ateri, mishipa inayoleta damu mguuni. Kijana mwenye macho ya njano na vidonda vya kifundo, pima selimundu.

2. Tafuta mapigo ya damu mguuni. Hapa mnivumilie. Nikiwa mchanga kama ninyi alikuja mzee mfugaji wa upande wa Bahi, ana kisukari, mguu umevimba, kidonda karibu na kifundo. Kwangu ilikuwa vena, kesi imekwisha. Nikaandika "mapigo yapo". Ukweli ni kwamba niligusa ule uvimbe juu juu, nikasikia mapigo ya vidole vyangu mwenyewe. Mkewe alishaniambia kwamba mzee halali kitandani, anakesha kwenye kigoda mguu ukining'inia, maana akiunyoosha unawaka moto. Nikajibu "sawa mama", nikaendelea kuandika. Mama alikuwa amenipa utambuzi bure! Mguu ulionyimwa damu hupata nafuu ukining'inizwa, na kule kuning'inia ndiko kulikouvimbisha. Mimi nikaufunga bendeji ya kubana kutoka wayo hadi chini ya goti, safi kabisa, hata nesi akanisifu. Aliporudi, vidole viwili vilikuwa vyeusi. Bingwa hakunigombeza. Aliushika mkono wangu, akauweka juu ya wayo, akasema, "Hesabu." Hapakuwa na cha kuhesabu. Mguu ukakatwa chini ya goti. Mzee aliendelea kunisalimia vizuri tu kila asubuhi wodini, afadhali angenitukana.

3. Uwiano wa presha ya kifundo na mkono ukiwa chini ya 0.9, ateri zina shida. Chini ya 0.5, usithubutu kubana. Mwenye kisukari akisoma zaidi ya 1.3 msishangilie: ateri zimejaa chokaa, hazibanwi.

4. Monofilamenti ya gramu 10, ule uzi wa kupimia hisia za unyayo, haipo? Gusa vidole vya mguu kwa ncha ya kidole chako, mgonjwa amefumba macho. Unyayo hausikii na sukari ni ya kawaida? Usirudie kupima sukari mpaka ipande, kama interni wangu mmoja. Papasa neva ya alna kwenye kiwiko, tafuta mabaka yasiyo na hisia. Ukoma upo bado. Mgonjwa wa huyo interni alikuja na katambuga yenye msumari uliochomoza ndani, kautembelea tangu mnadani, hana habari.

5. Kidonda cha miaka juu ya kovu la moto, kingo zimenyanyuka: shuku saratani, fanya biopsi (kata kipande cha nyama kipimwe) ya kingo, zaidi ya sehemu moja. Ukikata katikati utaletewa jibu la nyama iliyooza.

6. Swabu ya juu juu, yaani kupangusa kidonda kwa pamba ili kuotesha vijidudu maabara, acheni. Bakteria hawakosekani humo.

Na ukiandika "mapigo yapo", taja ni yapi na mguu upi. Jumatatu nitayatafuta mwenyewe.