Kabla hujamwaga kulanti ya lori, isome kwanza

Kubadilisha kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini, kwenye tangi la akiba ni kazi ambayo mgeni gereji huachiwa mapema, kwa kuwa inaonekana haina mambo: fungua, mwaga, jaza, funga. Haina mambo kweli, ila inaunguza watu nyuso, na hutupa ushahidi wa ugonjwa wa injini kwenye karai bila mtu kuuangalia.

Anza kwa kujua tangi lako ni la aina gani. Lipo lisilo na presha: limeungwa na shingo ya rejeta (kipozeo cha maji ya injini) kwa bomba moja jembamba la mpira, na mfuniko wake ni wa kubonyeza tu. Maji yakipata moto yanapanuka, ziada inakimbilia humo. Injini ikipoa, rejeta inayavuta tena. Malori mengi makubwa hayana hilo. Yana tangi la plastiki nzito lenye mfuniko wa kuzungusha na mipira miwili au zaidi, nalo limo ndani ya mzunguko wenye presha. Mfuniko huo kwa kawaida unashikilia karibu bar 1, ndiyo maana maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua ghafla, presha inaondoka na maji yanachemka papo hapo, yakikurukia. Kwa hiyo minya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu au unaunguza, tafuta kazi nyingine. Ukishapoa, funika mfuniko kwa tambara nene, zungusha kidogo, sikiliza. Ukizomea, usiendelee mpaka unyamaze.

Sasa washa tochi uangalie ndani. Rangi ya kutu inasema kuna mtu amekuwa akijaza maji matupu. Utando wa mafuta, au uji mzito kama maziwa ya kahawa, unasema oili imeingia: kwenye dizeli kubwa shuku kipozeo cha oili kwanza, kisha gasketi ya hedi, yaani kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku, mwili wake. Ukiona utelezi kama jeli, huenda kulanti mbili zisizopatana zimechanganywa. Na mapovu yasiyokwisha injini ikiunguruma, pamoja na harufu ya moshi, ni gesi ya silinda inapenya. Dereva atakuambia "badilisha maji tu, nina safari." Mwoneshe ulichokiona kabla hujakimwaga, maana ukishamwaga hutakuwa na cha kumwonesha.

Kutoa, tumia pampu ya mkono au bomba la sindano kubwa kupitia juu. Usivute kwa mdomo hata mara moja. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu ya figo, na kwa bahati mbaya ni tamu. Mbwa na watoto huinywa wenyewe. Weka karai, usiache dimbwi sakafuni, na usiimwage mtaroni. Ukichomoa mpira wa chini wa tangi lenye presha, jiandae: hutatoa ya tangi peke yake, na ya kwenye mzunguko itafuata. Na mdogo wangu, usimwambie mteja kwamba umebadilisha kulanti kama umemwaga tangi tu. Sehemu kubwa bado imo kwenye bloku na rejeta.

Ukilitoa tangi lote, chomoa kwanza waya wa sensa ya kiwango. Kishikio chake cha plastiki huvunjika kwa kuvutwa ovyo. Suuza kwa maji safi. Kagua mshono wa plastiki na shingo za mipira, ndiko nyufa huanzia. Mpira wa ndani wa mfuniko ukiwa umekatika, badilisha mfuniko, hata kama unafunga vizuri kwa mkono.

Kujaza ndiko wengi hujiamini kupita kiasi. Rangi si kipimo: kijani ya kampuni moja si lazima iwe ndugu wa kijani ya nyingine. Soma kitabu cha gari. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu kulanti na nusu maji yaliyochujwa madini, unaohimili baridi hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kulanti tupu ni mbaya zaidi, huganda mapema kuliko huo na hubeba joto vibaya. Hata mahali pasipo na baridi usiache kutumia kulanti, kwa sababu injini nyingi za dizeli zina slivu, mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazogusana moja kwa moja na maji. Mtikiso wa mwako hutengeneza viputo vinavyopasuka ukutani na kutoboa chuma; dawa iliyomo kwenye kulanti ndiyo kinga.

Mimina taratibu injini ikiwa imepoa, kamwe usimwage maji baridi kwenye iliyochemsha, hedi inaweza kupasuka. Weka hita ya kabini kwenye joto kali, washa injini, ongeza kadiri kiwango kinavyoshuka, kisha funga kabla haijapata moto. Iache ifike joto la kufungua themostati (valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta), izime, ipoe kabisa, upime tena kati ya alama ya chini na ya juu.

Ikishuka kidogo kesho yake, ongeza. Ni hewa iliyotoka. Ikiendelea kushuka, acha kuongeza na utafute inakokwenda: pampu ya maji, klipu za mipira, na kirejeta cha hita ndani ya kabini, ambacho husahaulika mpaka zulia la upande wa abiria linate.