Picha za Meteosat-12 kwa warukaji wa Iten

Ndugu, umeuliza kama picha mpya za setilaiti zitakufaa ukiruka na paraglaida kutoka Iten. Zitakufaa sana. Setilaiti ya hali ya hewa Meteosat-12 hutoa picha kila dakika 10, na unaziona bure kwenye tovuti ya EUMETView. Saa za picha ni za UTC, yaani saa ya kimataifa, hivyo ongeza saa tatu: 09:00 UTC ni saa sita mchana kwetu.

Usitazame picha moja. Chezesha za saa mbili zilizopita, ukifuatilia mawingu yanayojipanga kati ya Kisumu na milima ya Nandi, pale upepo wa ziwa unapokutana na ule wa mashariki. Yakianza kuvimba, tua mapema, maana pepo za dhoruba hutangulia mvua.

Jambo linalosahaulika ni hili: setilaiti iko magharibi yetu, juu ya Ghuba ya Guinea, nayo hututazama kimshazari. Kilele cha wingu chenye kimo cha kilomita 12 huonekana kama kilomita 10 mashariki ya kilipo. Kwa hiyo dhoruba inayoonekana juu ya milima ya Tugen, mashariki yako, iko karibu nawe kuliko picha inavyoonyesha!

Vijiwingu vidogo vinavyoashiria hewa inayopanda havionekani. Picha tupu haimaanishi hakuna hewa ya kukupandisha.